Maharage ya Mama, Meno ya Kaka

Kaka yangu anapima mahindi kwa meno. Msimu ukifika hapa Laela, malori yanajipanga kando ya barabara ya Tunduma na kila mnunuzi anataka kujua kitu kimoja tu: haya mahindi yamekauka, au yametoka shamba jana? Kaka anachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, anavuta punje kidogo, anang'ata moja. Tak! "Pitisha." Ikibonyea, "Rudisha kwenye turubai." Hata Wasukuma wanaotuletea mahindi yao huwa hawambishii.

Halafu akaanza kusikia watu wakimsema na watu hawapo. Tukampeleka Sumbawanga hospitali, akapewa vidonge, na sauti zikapungua kweli, siwezi kusema uongo. Ila taya likakaza, ulimi ukawa mzito, mikono ikatetemeka mpaka bambo likawa linamponyoka. Kuli mmoja akamwita teja. Mi nauza mahindi ya kuchemsha kwenye mabasi, nilikuwa na beseni kichwani, na kuli huyo ashukuru Mungu kwamba mahindi yalikuwa yameshapoa.

Redioni wanasema huduma za afya ya akili zimesogezwa karibu na wananchi. Sawa, zimesogezwa. Hapa kwetu kilichosogezwa ni kidonge kile kile. Kikikukaza taya, vumilia. Mi nimeishia darasa la saba, lakini simu ninayo na kusoma najua. Nilisoma mpaka macho yakauma: wataalamu wenyewe wanabishana, dozi iwe ndogo kiasi gani, mgonjwa asikilizwe mpaka wapi. Na wakati wanabishana, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kaka yangu, "Wewe unafanya kazi gani?"

Basi akaacha dawa kimyakimya. Taya likalegea, akarudi kwenye magunia, tukafurahi kama wajinga. Mavuno yalipopamba moto, sauti nazo zikarudi.

Jirani mmoja ndiye aliyempa mama akili: vidonge vitwange, mtilie kwenye maharage, hatajua. Jamani! Wa kumficha ladha ndiye huyo, anayekula kwa ulimi wake? Kaka alitia tonge moja tu, akasimama.

"Mama, humu mmeweka nini?"

"Chumvi, mwanangu. Nimeweka nini tena?"

Akatema, akatoka. Na kwetu Ufipa mtoto anajua kabla hajajua kuhesabu: watu wanaweza kukumaliza kwa chakula. Zile sauti zilikuwa zinamwambia hayo hayo. Sasa mama yake mzazi akawa amezithibitishia.

Tangu hapo hakugusa chakula cha nyumbani. Alikuwa anatafuna punje za bambo, mbichi hivyo hivyo, mpaka suruali ikawa inashikiliwa na kamba ya gunia. Mi nilikuwa naenda, narudi, natoka tena, siuzi chochote cha maana. Mama nilimgombeza nusura anipige. Na yeye haungami! Mama wa Kifipa amwombe msamaha mwanawe?

Asubuhi moja baba mdogo akaja na pikipiki na kamba mpya. Anataka kumpeleka bondeni kwa mganga. Nilimpa shikamoo kwanza, ndipo nikaanza.

"Hiyo kamba ya nini? Unaenda kuswaga ng'ombe?"

"Huyu karogwa. Binti, punguza mdomo."

"Karogwa na maharage? Ukimfunga, unifunge na mimi. Na mi napiga kelele, utaaibika njia nzima!"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Anakufa njaa, mwanangu. Wewe una dawa gani? Akila chakula cha nyumba hii leo, naondoka na kamba yangu. Asipokula, mchana naondoka naye."

Nikabeba jiko la mkaa na sufuria mpaka pale kwenye turubai. Nikamwambia kaka, chagua mwenyewe gunia ulilopitisha. Akachoma, akang'ata, akajaza kidumu. Tukaenda wote mashineni, akausimamia unga ukitoka kwenye mfuko wa mashine hadi mwisho. Maji alichota yeye. Mi kazi yangu ilikuwa kusonga tu, na makuli wamekaa juu ya magunia wanatoa maoni.

"Dada, huo ugali au unachanganya zege?"

"Nyamaza, nitakubandika nao!"

Mama akafika na maharage mapya kwenye hotpoti, baba mdogo nyuma yake na kamba begani. Kaka akarudi hatua. Nikamwambia mama pale pale, mbele za watu, "Sema." Akanitazama kama anayetaka kunizaa upya ili anilee vizuri. Kisha akakaa chini kwenye turubai.

"Mwanangu, siku ile nilitia dawa. Ni zako za hospitali, si kitu kingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Zinanifunga meno, mama. Ntakula nini bila meno?"

Hakuna kuli aliyecheka. Mama akakata tonge, akachovya, akala yeye kwanza, kama tunavyomwonjea mgeni pombe. Akafunua kiganja: kidonge kizima, peke yake, mbali na chakula. Kaka akakichukua, akaking'ata kwa pembe, akakunja uso.

"Ndiyo hii ya siku ile." Akakirudisha kiganjani kwa mama.

Halafu akala. Alikula mpaka nikaogopa.

Baba mdogo alinawa, akajisogeza sahanini bila kuitwa. "Kesho hospitali," akasema, mdomo umejaa. "Nisipoona mmeenda, narudi."

"Twende ukamwambie daktari mwenyewe," nikamwambia kaka. "Mi nitanyamaza."

"Wewe? Unyamaze?"

Hapo makuli wakacheka.

Sasa niko Sumbawanga, kwenye benchi la nje. Kaka ameingia peke yake. Nimeahidi, na ahadi inaniwasha kuliko upupu. Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Sijui kama watampunguzia, sijui kama kuna dawa nyingine dirishani, sijui kama sauti hazimsemeshi hata humo ndani. Mlango haufungi vizuri. Daktari anauliza kitu kwa sauti ya chini, siipati. Ya kaka naipata, dhaifu bado kwa njaa, lakini inakwenda:

"Mi napima mahindi. Kwa meno."

Nimeuma kanga yangu nisiongezee.