Nilivyomfuta Baba kwenye kompyuta

Naona haya hata kuandika. Kompyuta ndogo ya Mama ilikuwa inakwama, nikajitia fundi, nikaiwekea mfumo mpya wa Linux. Ilipouliza kama ifute diski yote, nikakubali, nikidhani inafuta ule mfumo wa zamani, Windows, tu. Ikawa nyepesi, nikajisifu kimoyomoyo.

Jumapili wamama wa kwaya wakaja kwetu Merrylands, huku ughaibuni, kumkumbuka marehemu Baba.

"Mwanangu, tuwekee ule wimbo aliotunga baba yako," Mama akasema. "Sauti yake imebaki humo kwenye kompyuta tu."

Nikatafuta, nikatafuta.

"Fundi wetu, mbona jasho?" mmoja akanitania.

"Mama, nimeifuta."

Hakunigombeza. Akaanza kuuimba mwenyewe, wamama wakaitikia. Kwenye ubeti wa pili maneno yakampotea, akanitazama mimi.

Nami siujui.