Nusu ya Gitaa

Muvi yenyewe ilihusu wanamuziki wawili wasio na mbele wala nyuma, wanaopendana. Sisi tulikuwa hivyo hivyo, hatuna mbele wala nyuma, kwa hiyo upande wa umaskini hatukuwa na cha kuigiza. Kilichobaki ni kupendana, na hilo nalo kwangu halikuwa kazi.

Nilikuwa naimba kwenye bendi moja ya Korogwe, watu watano na spika mbili, moja ikikohoa. Tulipiga kwenye harusi, kwenye vipaimara, na Jumamosi kwenye baa iliyo karibu na stendi. Mpiga gitaa wetu alikuwa mjukuu wa manamba. Babu yake aliletwa kukata mkonge na shamba lilipokufa akabaki hapo hapo. Baba yake Mwislamu, mama yake anasali Jumapili, yeye mwenyewe alikwenda msikitini akikumbuka. Nilimpenda miaka minne na sikumwambia. Yeye aliniita dada na kuniazima chaja.

Dairekta alitoka Dar na kamera moja na shuka jeupe lililowambwa kwenye mbao, la kurudishia mwanga. Alitukuta tunapiga harusi Mkata, akasema sura zetu, yangu na ya mpiga gitaa, zina njaa inayofaa. Hadithi yake ilikuwa fupi: mpiga gitaa hana kitu, baba wa msichana hamtaki, mwishoni kijana anatoa gitaa lake liwe mahari, mzee analainika, ndoa inafungwa. Bajeti ilikuwa nauli na makande. Baba, shehe, mashahidi na nyumba tujitafutie wenyewe.

Siku tatu tulipiga picha Mkata, kando ya barabara. Kila nikifungua mdomo niimbe, basi linapiga honi. Wauza mahindi ya kuchoma walitaka waonekane na mabeseni yao, nao wakaonekana. Ya nne tukaenda kwetu Misima kufunga ndoa.

Baba yangu ni mkulima, na kazi yangu hakuipenda hata siku moja. Nilipomwomba nyumba akasema, "Kama kuna mtu anaozeshwa kwangu, hata kwa uongo, mwozeshaji ni mimi." Dairekta akafurahi, kapata baba wa bure. Mwalimu wa madrasa wa jirani alikubali kukaa na kitabu chake, ila asiambiwe atabasamu. Majirani walikuja wamevaa kanzu za Ijumaa. Kwa wasiojua, ingeonekana ni shughuli kabisa, na hapo ndipo tulipojikoroga.

Kwetu bi harusi haketi barazani wakati wa akidi ya ndoa; anafuatwa chumbani, anaulizwa akiwa nyuma ya pazia, mashahidi wanasikia. Dairekta akaingiza kamera chumbani, akanielekezea usoni. Nje alimwambia baba, "Mzee, sema kama ungekuwa unaozesha kweli." Tatizo lilikuwa jina. Kwenye muvi nilikuwa na jina jingine la kizungu-kizungu, na baba lilikuwa linamponyoka kila akijaribu. Dairekta akachoka: "Basi jina liache. Sema tu binti yangu." Baba ana binti mmoja.

Tulirudia mara tatu. Mara ya kwanza pikipiki ilipita. Mara ya pili kuku aliruka juu ya mkeka. Mara zote tatu mwalimu alikuja mlangoni akaniuliza kama nimeridhia kuolewa na kijana huyu kwa mahari ya gitaa, nami nikasema ndiyo. Mara zote tatu baba alimshika mkono mpiga gitaa akamwambia amemwozesha binti yake kwa mahari hayo, naye akajibu kwa sauti safi, "Nimekubali kumuoa." Dairekta akapiga makofi, akaanza kukunja shuka.

Watu wakanyanyuka. Mwalimu hakunyanyuka.

"Mmemaliza?" akauliza.

"Tumemaliza, mwalimu, ahsante sana," dairekta akamjibu.

"Ninyi mmemaliza. Hawa ndio wanaanza."

Dairekta alicheka peke yake. Mwalimu akaeleza taratibu, kama anayefundisha watoto: baba kaozesha, mume kakubali, mke karidhia, mashahidi wapo, mahari yametajwa. Ndoa haina mzaha. Ukiifunga unacheka imefungika, ukiifunga unalia imefungika. Ya kwanza ilitosha, zile mbili ni kelele. Alikuja kukaa tu, akasema, na yeye mwenyewe ulimi ulimtangulia kuuliza kwa mazoea. Mzee mmoja akauliza kama gitaa linafaa kuwa mahari. Mwalimu akamjibu: "Sauti yake sina la kusema. Mbao zake ni mali."

Wakaafikiana kijana aende akafikiri, arudi kesho yake baada ya adhuhuri aseme aliloamua. Mimi hakuna aliyeniuliza, na sikulalamika, kwa kuwa jibu langu lilikuwa limeshasikika mara tatu.

Asubuhi nilikwenda kisimani. "Bi harusi unateka maji mwenyewe?" wanawake wakaniambia. "Huyo mume kakuacha na ndoo tayari?" Nilicheka nao. Mama aliniuliza kama namtaka, nikamwambia simtaki hata kidogo, akasema, "Haya," na kuendelea kupepeta mahindi. Alikuwa ananitazama mikono. Nilikuwa naosha sufuria moja mara ya pili.

Kijana alikuja adhuhuri ilipopita. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na gitaa liko mgongoni, na Mungu anisamehe, lile shati lilinifurahisha. Akamwamkia baba shikamoo, akamwamkia mwalimu, akaketi. Nilikuwa mlangoni, pazia nimeliachia nafasi ya jicho moja.

Baba ndiye aliyeanza. "Mimi sikukutaka. Lakini neno nimeshalitamka mbele ya watu, na silirudishi mdomoni. Ukimtaka, mchukue." Baba yangu, ambaye hakuwahi kuja kunisikiliza nikiimba. Nilishika mwimo wa mlango.

Yeye akakohoa. "Mwalimu, nikimwacha, gitaa linakuwaje?"

"Ukimwacha sasa, kabla hamjakaa pamoja, nusu ya mahari ni yake."

"Na nisipomwacha?"

"Mkikaa pamoja kama mume na mke, lote ni lake."

Alilitazama gitaa. Mimi hakunitazama, japo alijua nipo pale, kwa maana pazia letu ni fupi na miguu yangu alikuwa akiiona.  Kisha akasema talaka, mara moja, kwa sauti ile ile safi. Neno hilo halikuharibiwa na pikipiki wala kuku.

Mwalimu akageukia pazia. "Binti, una haki ya kusamehe hiyo nusu. Unasamehe?"

Wote walikuwa wanangoja niseme nimesamehe. Ndivyo msichana aliyelelewa anavyosema. Nilikuwa nimekasirika, lakini sauti ilitoka shwari.

"Sisamehi. Anipe nyuzi tatu."

Alizifungua pale pale barazani, moja baada ya nyingine, akazikunja, akampa baba, baba akanipa. Gitaa lake lilibaki na nyuzi tatu, na nilifurahi kuliona. Alilazimika kwenda Korogwe kununua nyingine, kwa sababu kulikuwa kumebaki picha moja, ile ya jukwaani. Tuliipiga keshokutwa yake. Dairekta alinipigia kelele nimtazame kama mume wangu, nami nikamtazama. Bendi haikumaliza mwaka. Yeye yuko Dar, nasikia anapiga hotelini, na namtakia kheri siku nyingine.

Mimi nipo Mkata, nina genge la vyakula na mume mpole ambaye gitaa hajawahi kulishika. Nyuzi zile nilizitumia kuanikia nguo, mpaka zikashika kutu. Muvi ilitoka, ikauzwa kwenye flashi, ikaoneshwa kwenye mabanda ya video mpaka Kwedizinga. Mpaka leo wateja wananitambua, wananiimbia kipande huku wanachagua nyanya.

Dairekta alitumia ile mara ya tatu, isiyo na pikipiki wala kuku. Niliiangalia mara moja tu. Mwalimu anakuja mlangoni, anaanza kuuliza, na kabla hajafika kwenye mahari mimi nimeshasema ndiyo. Watu wote wananiambia pale ndipo nilipoigiza vizuri.