Dole Gumba Chini ya Hadubini

Nilikuwa msaidizi wa mzungu mpima udongo, hapa Robanda, nikiringia darasa langu la nne. Udongo wetu ni vumbi lililoletwa na upepo. Mzungu alitaka bonge lisiloguswa, aangalie kwa hadubini kama vitundu vyake vina utando wa udongo wa mfinyanzi, dalili ya ardhi ya kulimika. Shamba lisilo na utando lingeandikwa malisho, na mwenyewe angehamishwa.

Bonge la shamba la baba likameguka njiani. Msomi mimi nikalitemea mate, nikalisiliba kama mama anavyosiliba ukuta, kisha nikaapa sikuligusa.

Mzungu alichungulia, akanipisha kwenye kiti. “Tazama mwenyewe.”

Utando ulikuwepo. Ulikuwa na mistari ya dole gumba langu.

Baba, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi, akaniuliza kwa Kiikoma chetu, “Mwanangu, umeona nini?”