Dokta Shuka na shahada iliyokosa jina

Saa moja asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Mashine zinanguruma, mlango wa kikaushio unafunguliwa na kufungwa, na kwenye meza ndefu wanawake wawili wameshika shuka moja, kila mmoja pembe zake mbili. Wanalikung'uta, wanalivuta likanyooka, kisha wanasogeleana mpaka vidole vyao vinagusana. Mmoja anapokea, mwingine anainama kushika upande wa chini. Wanarudi nyuma, wanachukua jingine.

Mikono iko kazini, na midomo nayo haijalala.

"Haya, Dokta, jana mmesoma nini?" anauliza yule mkubwa.

"Jana hatukusoma, Shangazi. Jana nilikaa nje ya mlango, roho mkononi, nikingoja wanihukumu."

"Wakakuhukumu?"

"Wamenipitisha!"

Shuka linaponyoka na kuanguka sakafuni. Shuka safi kabisa, limetoka kukaushwa sasa hivi! Litabidi lirudi mashineni, lakini nani ana habari nalo? Shangazi ameshamkumbatia mwenzake, anamtikisa kama anayetaka kumkung'uta naye.

Huyo anayeitwa Dokta hajawahi kumtibu mtu hata mafua. Ni mfuaji wa nguo za hospitali, ana miaka arobaini na mmoja, mume fundi bomba na watoto wawili. Jina la Dokta Shuka alipachikwa na wenzake siku alipotia guu kazini na mkoba uliojaa vitabu, akatangaza kwamba ameanza chuo kikuu. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Leo hata wauguzi wa wodini wanamwita hivyohivyo, na anaitika.

Shangazi naye si ndugu yake wa damu. Ni mwenzake wa kukunja. Mashuka ya hospitali ni mapana, hayakunjwi na mtu mmoja, kwa hiyo kila mfuaji ana mwenzake. Hawa wawili walianza kukunja pamoja kabla Dokta hajafikiria kusoma, na tangu aanze, kila alichokisikia darasani anakuja kukimwaga mezani hapa, shuka kwa shuka.

Tatizo lilianzia kwenye zamu. Wafuaji hubadilishwa zamu kila baada ya miezi michache, asubuhi, mchana au usiku, na hakuna kubembelezana.

"Mimi nilikuwa naangalia kwanza ratiba ya zamu, ndipo naangalia ya chuo," anasimulia. "Kozi yoyote iliyoangukia saa zangu za mapumziko, najiandikisha. Nilikuwa nawaona wenzangu wanavyohangaika kuchagua, najisemea, maskini, mimi zamu inanichagulia."

Ikamchagulia kweli! Zamu ya mchana ilimpeleka kwenye somo la vijidudu, ya usiku ikamtupa kwenye historia ya miji. Zikafuata fasihi na uchumi wa kazi.

"Hata uchoraji nimesoma. Mimi! Nilichora kikombe, mwalimu akakisifu, akasema ni kofia nzuri."

Alifaulu kozi zote kumi na tisa. Miaka sita ya kusinzia jikoni na kitabu mapajani, watoto wakimfunika kanga. Kisha mwanzoni mwa muhula huu akaenda kwenye dirisha la msajili kuulizia lini atamaliza. Karani akatazama kompyuta yake, akatazama tena, akamwonea huruma.

"Akaniambia, 'Mama, umesoma kila kitu, na huna kitu.'"

Maana kumbe shahada haipatikani kwa kuokota huku na huku. Kozi zinatakiwa zikusanyike kwenye fani moja, na yeye kila fani alikuwa ameionja tu. Kama mwisho wa muhula ungemkuta hana mpango wa shahada uliokubaliwa, jina lake lingefutwa, na akitaka kuendelea aanze upya mwaka wa kwanza.

"Mume wangu hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Angenisema ningejitetea. Yeye akainjika chai, akakaa pembeni yangu."

Mshauri wa masomo, mhadhiri kijana mwenye subira, ndiye aliyemfungulia mlango mwingine. Chuo kina shahada ya masomo mseto, ambayo wengi hawaijui. Humo mwanafunzi anaruhusiwa kuchanganya idara tofauti na kujipangia shahada yake mwenyewe. Ila kuna sharti: lazima awe na swali moja linalozifunga kozi zake zote, na alitetee mbele ya jopo la walimu watatu. Asipokuwa nalo, wanamrudisha alikotoka.

Akapiga moyo konde, akaanza kulitafuta. Swali lake la kwanza lilihusu maisha ya binadamu.

"Mshauri akacheka, akaniambia, 'Mama, hiyo ni maktaba nzima.' Nikarudi kazini nimenuna, sitaki kusemeshwa."

Shangazi hakustahimili ukimya ule. Walikunja shuka la kwanza, la pili, la tatu, akamuuliza kulikoni. Dokta akamweleza. Yule mama akalitua shuka mezani.

"Sasa hicho ndicho kinachokukondesha, mwanangu? Ulipokuwa kwenye vijidudu, ulinieleza uchafu usioonekana. Kwenye historia, ukaniambia watu walivyofukuzwa mijini kwa kisingizio kuwa ni wachafu. Kwenye fasihi ukaniliza na yule mtumishi wa kwenye riwaya, anaoga kila siku na bado anakatazwa kukalia kochi. Kwenye uchumi ukaja umefura, eti kwa nini anayechafua analipwa kuliko anayesafisha. Miaka sita hii unanisimulia uchafu tu!"

"Na uchoraji?"

"Huo ulipotea njia."

Wiki hiyohiyo swali likapatikana: nani huitwa mchafu, na nani hubebeshwa kazi ya kusafisha? Mshauri alipolisoma hakucheka. Alimwambia waanze kupanga.

Ndipo ikafika jana. Dokta Shuka alilitetea swali lake. Mmoja wa walimu akaulizia uchoraji. "Nikamwambia huo naomba wanisamehe. Wakacheka wote, nikapata pumzi." Kisha wakamtoa nje wajadiliane, akakaa kwenye benchi kwa muda ambao yeye anaapa ulikuwa mrefu kuliko zamu nzima.

Walipomwita na kumwambia mpango wake umekubaliwa, alilia kwa kwikwi. Mwalimu mmoja akampa kitambaa chake. "Nikajifuta machozi, lakini nikaona kimekunjwa ovyo. Nimemrudishia kimekunjwa vizuri."

Kozi kumi na sita kati ya zile alizosoma zimehesabiwa. Zimebaki nne, na utafiti wa mwisho, ambao anataka kuufanya humuhumu chumbani, kwa kuwahoji wafuaji wenzake. Mambo yakienda vizuri, mwaka ujao atahitimu. Jana usiku, anasema, alilala usingizi ambao hajaulala tangu siku ile ya dirishani. Mumewe ndiye aliyemwamsha asichelewe kazini.

Mwaka ujao pia ndipo Shangazi anapostaafu.

"Amalize kabla sijaondoka," anasema, akijifanya mkali. "Nimesoma naye miaka sita bila kukanyaga darasa. Haniachi njiani."

Dokta Shuka anacheka, kisha machozi yanamlengalenga. "Siku ya mahafali watanivalisha joho," anasema. "Jioni nikilivua, silikunji peke yangu. Atakuja nyumbani tulikunje wawili."

Shangazi anajifuta uso kwa mkono wa gauni lake la kazi, anachukua shuka jingine, anashika pembe zake mbili na kumnyooshea mwenzake zilizobaki.

"Haya, ulipoingia tu wakakuuliza nini? Anza mwanzo, na usiruke kitu."