Jina la Baba Kwenye Orodha ya Kodi

Aibu niliyoipata Handeni nilijitafutia mwenyewe, kwa hiyo msinionee huruma. Nilikuwa karani mpya wa serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, pale Korogwe, napokea rupia kumi na tano kwa mwezi, na baba yangu, mkulima wa Chanika huko huko Handeni, nilimwahidi kwamba kodi ya nyumba yake, rupia tatu, ni juu yangu. Akaniamini. Fedha ya mahindi yake akanunulia mbuzi.

Mshahara ulipoingia nikapita dukani, nikaona viatu vyeusi vya ngozi, nikajiambia kodi haikimbii, nitatuma mwezi ujao (karani atatembeaje peku, nilijiuliza, kana kwamba nilizaliwa navyo), na mwezi ujao ukaja na kofia, na uliofuata ukaja na karamu ya kuwaonyesha wenzangu hiyo kofia.

Sijazinduka, nikatumwa Handeni kumsaidia akida, msimamizi wa serikali wa huko, kukusanya kodi. Kazi yangu ilikuwa kusoma kwa sauti, mbele ya watu wote, majina ya wasiolipa. Nikasoma, nikafika jina la baba, nikaliruka. Akida hakujua huyo ni nani kwangu, ila alikuwa akifuata mistari kwa kidole, akasema taratibu tu, "Karani, umeruka mmoja. Msome."

Nikamsoma. Baba akasimama na kanzu yake iliyofifia, na majirani wakamtazama yeye, kisha mimi, kisha viatu vyangu. Mtu akacheka. Akida akamuuliza baba kwa nini hajalipa. Baba akajibu, "Nimechelewa mimi, bwana."

Nami nikanyamaza. Aibu yangu iko hapo, si kwenye kile kicheko.

Asiyelipa alipelekwa kuchimba barabara, na baba akaanza kusogea upande wa wenzake wa jembe. Ndipo ulimi ukanifunguka, nikasema mbele ya wote kwamba ahadi ilikuwa yangu na fedha nimezila, nikavua viatu nikavinadi pale pale. Mchuuzi mmoja akanipa rupia mbili, ya tatu akanikopesha akida, nikarudi Korogwe peku, mwendo wa siku mbili.

Siku hizi mshahara ukifika natenga kwanza ya kodi, kisha ya chakula, kisha kidogo cha dharura, na kinachobaki ndicho cha kujipamba (mara nyingi hakibaki). Baba nikimpelekea rupia zake huzitia kibindoni bila kuziangalia, nami humwomba azihesabu mbele yangu.