Mkwe Wangu Uweso na Mkeka wa Saleha

Mkwe wangu Uweso bin Sadalla alikuwa msuka nyavu wa Kigombe, na mpaka anakufa sikuwahi kumtazama usoni ila mara chache. Ndivyo tulivyolelewa, mkwe ni mtu wa kuinamiwa. Kwa hiyo mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa mke wangu Mastura, binti yake, na kwa shangazi yangu Mwatumu, aliyekuwamo chumbani siku ya harusi yetu.

Miaka hiyo ya hamsini nyavu hazikununuliwa dukani kama sasa. Zilisukwa kwa mkono, kwa uzi wa pamba, kisha zikachemshwa na magome ya mkoko mpaka zikawa nyekundu, ili zisioze upesi. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Kazi ya wanawake ilikuwa ukili. Walichana majani ya ukindu kuwa chane nyembamba, wakayatia rangi, wakayasuka mapande marefu membamba, kisha wakayaunga kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, mpaka mkeka ukatimia. Mwanamke wa Kigombe alisuka akienda kisimani, alisuka akienda kutoa pole msibani, pindi la ukili kalibana kwapani. Leo kila nyumba ina mkeka wa plastiki. Ni mzuri, hauozi, lakini hauna harufu. Mimi nimekulia katika harufu ya ukindu.

Uweso na mkewe Saleha walikuwa na tabia iliyowashangaza watu. Kila alasiri walikaa uani pamoja, huyu na wavu wake, yule na ukili wake. Mahali pa mwanamume saa hizo palikuwa barazani, kwenye bao na mazungumzo. Saleha mwenyewe alikuwa akimfukuza.

"Nenda kwa wenzio. Watasema nimekulisha limbwata."

"Limbwata ningelisikia kwenye mchuzi," Uweso alimjibu. "Mchuzi wenyewe chapwa."

Mastura alikua akiwasikiliza hivyo, wakichokozana bila kuinua macho kwenye kazi zao. Anasema hakuwahi kuona nyumba nyingine yenye kicheko cha namna ile, kicheko kidogo kisichotoka nje.

Nilipomposa Mastura, Saleha alianza mkeka wa harusi. Kwetu pwani ile, mkeka wa kitanda cha bibi harusi husukwa na mama yake. Mwali hajisukii mwenyewe, ni nuksi. Siku ya harusi wanawake wa kwa mume huukunjua na kuukagua kabla ya kuutandika, na ukionekana umenunuliwa au umeazimwa, basi binti ameingia kwa watu kama asiye na kwao. Saleha alichagua zambarau na kijani, na nakshi yake mwenyewe ya vijicho viwili viwili vinavyotazamana. Ukili wake ulipopita nusu, hata hajaanza kuuunga kwa shazia, akashikwa na homa baada ya mvua za masika. Hakupona.

Baada ya arobaini wazee wa pande zote mbili walisema harusi isisogezwe. Uweso akaupeleka ukili kwa jirani yake Mboni, msukaji mwenye sifa. Mboni akasuka kipande cha shubiri moja. Kilikuwa kizuri, lakini kilikuwa kizuri cha Mboni. Vijicho vya Saleha vilibana, vya Mboni vilitanuka, na mtu yeyote angeona pale mkono ulipobadilika. Mastura alikitazama, akaenda jikoni akaunguza samaki.

Mboni hakukasirika. "Mkono wa mtu hauazimwi, Uweso," alisema. "Nitausuka mwingine wote, huu weka ukumbusho."

Mastura hakutaka mwingine. Ndipo Uweso akakifumua kile kipande, akafunga mlango wa uani, akakaa na ukili mapajani.

Alijua anachokifanya. Mwanamume anayesuka ukili aliitwa mwanamume jike, na jina kama hilo halikufutika. Hata hilo angelivumilia. Alichokiogopa ni mwanawe kuingia ukweni na kicheko hicho kichwani, na wanawake wa kwetu Mwera, shangazi yangu akiwa mbele yao, hawakuwa watu wa kuficha ulimi.

Hakuwahi kuushika ukili maishani mwake. Lakini macho yake yalikuwa yameketi kando ya vidole vya Saleha miaka yote ya ndoa. Alisuka akafumua, akasuka tena. Mastura alimpelekea maji, akayaweka chini, akaondoka kama mtu aliyepita karibu na anayeoga.

Barazani walimkosa. Siku moja rafiki yake Mselem akaja kugonga mlango wa uani. Uweso akausukuma ukili chini ya wavu, akafungua. Mselem akamtazama vidole, vimeiva rangi.

"Ala! Hina hiyo? Umeoa, na sisi wenzio hatujala pilau?"

Uweso akasema ni rangi ya nyavu.

"Rangi ya nyavu siku hizi ni zambarau?"

Akajibu kwamba magome ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mselem akacheka, akaenda kuwaambia wenzake kwamba Uweso amefuga mjane ndani. Uweso akauacha uvumi huo uenee. Ulikuwa na heshima kuliko ukweli.

Mkeka ukaisha, na siku ya harusi ukaletwa Mwera kwa lori pamoja na bibi harusi na wanawake wa Kigombe wakiimba. Mimi nilikuwa nje na wanaume. Ndani, Shangazi Mwatumu aliukunjua mkeka, akausifu rangi, akausifu nakshi. Kisha akapitisha kiganja upande wa chini, mkono ukasimama.

"Mkeka huu una vipele."

Akaugeuza. Mwanamke akishona mkeka, mwisho wa uzi huufichia ndani ya ukili. Uweso hakulijua hilo, au alilijua na mkono ukasahau. Kila uzi ulipomwishia alifunga fundo lile lile alilolifunga tangu ujana wake, fundo la wavu.

"Haya ni mafundo ya wavuvi," Shangazi akasema. "Marehemu alikuwa akivua?"

Chumba kikacheka. Mastura alikuwa ameketi kitandani, amefunikwa, kichwa chini, na bibi harusi hatakiwi kutoa sauti. Somo yake, mwanamke aliyemfunda, akamfinya paja anyamaze. Hakunyamaza.

"Kasuka baba," alisema ndani ya shela. "Mama kafa hajaumaliza."

Shangazi aliniambia baadaye kwamba angeweza kuukunja na kutandika mkeka wa kwetu. Desturi ilimruhusu. Badala yake akapiga magoti, akaufuata ukili mkondo kwa mkondo kwa kidole, akitafuta mahali mkono wa Saleha ulipoishia na wa mumewe ulipoanzia. Alikuwa msukaji tangu utoto. Hakupaona.

"Mama yako kaishia wapi?"

"Sijui. Baba hakuniambia."

Shangazi akainuka. "Tandikeni. Mafundo yawe chini."

Akawaonya wanawake habari isitoke chumbani. Lori lilipowarudisha Kigombe, habari ilishuka kabla ya abiria. Kesho yake Mselem akampokea Uweso barazani kwa kumuuliza bei ya shazia, na wengine wakamwambia ahamie uani kwa wanawake wenzake. Uweso akacheza bao lake mpaka mwisho, akaenda nyumbani, na baada ya hapo hakutoka ila kwenda msikitini.

Fungate ilipokwisha tulikwenda Kigombe kumwamkia, Mastura, mimi na Shangazi. Tulimpigia shikamoo. Mastura akamwomba atoke akae barazani na mgeni wake, yaani mimi, na kwa ajili ya mgeni akatoka. Mselem na wenzake walikuwapo, wakitabasamu kwa pembeni. Shangazi hakupita uani kama ilivyokuwa adabu ya wanawake. Alisimama palepale, mbele ya wanaume wote.

"Mkwe," alisema, "vile vijicho vya marehemu vinaanzwaje? Nimejaribu, vinanikimbia. Mwenyewe hayupo, na sasa unavijua wewe peke yako."

Nilimwona mkwe wangu akitazama sakafu. Nilidhani atainuka aende zake.

"Unaanza na chane saba," akasema taratibu. "Saleha alikuwa akizihesabu kwa sauti. Mbili za zambarau zinapita juu, ya kijani inasubiri."

"Inasubiri wapi?"

Akamweleza yote, mpaka kwenye upindo. Hakugusa ukindu, haukuwapo. Mikono ilikuwa mapajani, lakini vidole vyake vilikuwa vikienda, vikipishana, vikikaza, na wanaume wa barazani walivitazama na hakuna aliyetia neno, hata Mselem.