Kushoto ya Gari

Mume wangu amesomesha jiografia kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Wete. Nalisema hili mwanzo kwa kumtendea haki, maana yanayofuata hayamsaidii.

Gari yetu ni saluni nyeupe tuliyoinunua Unguja ikiwa imeshazeekea mikononi mwa wengine. Mwaka jana iliwasha ile taa ya manjano ya ABS, mfumo unaozuia breki zisigandishe magurudumu, kisha ikaanza tabia: ukikaribia kusimama, kwa mwendo wa pole kabisa, pedali ya breki inatetemeka chini ya mguu na kunguruma kama paka aliyekanyagwa mkia. Tukaenda Chake Chake kwa fundi wa umeme wa magari, mtu mzima mwenye ndevu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mume wangu. Alichomeka mashine yake chini ya usukani akasoma.

"Mwalimu, ni sensa ya gurudumu la mbele kushoto. Hiyo ndiyo inayopima mwendo wa gurudumu. Ikidanganya, gari inadhani gurudumu limeganda, inaachia breki yenyewe. Niifungue?"

"Usijisumbue. Nitaifanya nyumbani."

Jumamosi akasimama mbele ya gari, akafungua boneti, ya nini sijui, akaitazama gari kama anavyotazama ramani ukutani. Akanyoosha mkono wa kushoto. "Hili hapa."

Mimi nilishika spana. Akapiga jeki, akatoa gurudumu, kisha akapambana saa nzima na bolti moja ndogo iliyoliwa na kutu. Sensa ilipotoka haikuwa kubwa kuliko kidole gumba, na mkia mrefu wa waya. Akaisugua kwa petroli na mswaki. Nilipouliza mswaki wa nani, akaniomba spana. Akairudisha, akawasha gari. Taa ipo.

"Basi imekufa," akasema, akaagiza mpya Unguja. Ikaja kwa boti baada ya wiki mbili, akaifunga kwa bismillahi ndefu. Taa ipo. Jioni ile, akinywa chai, akaniambia Wajapani siku hizi hawako makini. Sikumkumbusha kwamba gari yetu waliiunda zamani, walipokuwa makini bado.

Haukupita muda tukaenda Kiuyu kumchukua mama yake, apelekwe kwa daktari wa macho Chake. Kila tulipopunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe au kona, pedali ikanguruma.

"Mwanangu," akasema mama kutoka kiti cha nyuma, "gari nyengine hunguruma zikienda. Yako yanguruma ikisimama."

"Ni sensa, mama. Nishaibadilisha."

"Umeibadilisha, na mbona yanguruma?"

Akawasha redio, ikaimba mpaka Chake.

Tulipotoka kwa daktari tukapita kwa fundi. Akampa mama kiti kivulini, akamsikiliza Mwalimu wake mpaka mwisho, akainama kwenye gurudumu la upande wa dereva. Akaiona sensa mpya inang'aa. Aliponyanyuka alijifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikajua anatafuta maneno. Si rahisi kumsahihisha mtu aliyekusahihishia madaftari.

"Mwalimu, nakuomba ukae kwenye usukani kidogo."

Akakaa.

"Sasa, mkono wako wa kushoto uko wapi?"

Mume wangu akaunyanyua. Ukaelekea kwenye kiti changu. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Kushoto na kulia kwa gari hutajwa kwa aliyekaa ndani, Mwalimu. Anayeitazama kwa mbele huwa..."

"Nimefahamu, bwana."

Nilicheka mpaka ushungi ukaniteleza. Fundi, Mungu amjaalie heri, alijificha chini ya gari. Huko akazipima sensa zote mbili kwa mita yake ya kupimia umeme. Ya kulia ilisoma vizuri. Ya kushoto, kimya. Akaupinda waya wake pale unapokunjika gurudumu likigeuka, na namba zikatokea, zikapotea.

"Umekatika ndani," akasema. "Kwa nje mzima."

Akaukata, akaunganisha kwa risasi ya kulehemu, akauvisha mpira, akausugua ule mduara wa meno unaosomwa na sensa. Akafuta hitilafu kwenye mashine na kuizungusha gari mtaani. Aliporudi taa ilikuwa imezimika.

Njiani kurudi Kiuyu nilimsimulia mama kisa chote, maana pale kwenye kiti hakuona vizuri, macho yametiwa dawa. Nilikisimulia kwa ustadi, mkono wa kushoto juu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe, mkwe wangu, siku hizo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namshikia spana, mama."

"Umesimama wapi?"

"Mbele ya gari, kando yake."

"Ehe," akasema mama, akafumba macho yake.

Mume wangu alikohoa. Nakijua kikohozi kile. Hakina uhusiano wowote na kifua.

Tulipomfikisha, alitufungia mihogo kwenye kikapu, akamwambia mwanawe apumzike, uso wake umechoka. Basi mume wangu akanipa ufunguo niendeshe mimi, akakaa upande wa abiria. Kwenye mteremko wa kuingia Wete nilikanyaga breki polepole. Gari ikapunguza mwendo bila neno, tukasikia mihogo tu ikigongana nyuma.

"Swadakta," akasema, na sikujua kama anaisifu breki au ananisifu mimi.